Wasiwasi Mkubwa

Barua imerudi mezani kwangu mara ya nne,
ghorofa ya tatu, Al-Khuwair, kiyoyozi kikikohoa.
Mkurugenzi amelikata neno "tunakataza"
kwa wino wa kijani,
na juu yake, kwa Kiarabu chake cha ofisini,
ameweka lile ambalo nyumbani tungeliita wasiwasi.
Wasiwasi mkubwa.

Wasiwasi wenyewe tuliuchukua huku huku, ukageuka njiani.
Kwa wenyewe ni yule anong'onaye vifuani mwa watu,
tunayemkimbia kwa sura ya mwisho ya msahafu.
Kwetu, wasiwasi ndiyo akili.

Makontena manne yako Suhar, yanapita tu.
Hati inasema: vipuri vya pampu za maji.
Sleyum wa mizani alinipigia alfajiri:
"Rayya, pampu gani hii
nzito kuliko kisima chake?"

Mtumiaji wa mwisho: wizara ya kilimo
ya nchi ambayo haina wizara tangu Machi.
Ina ikulu mbili, kila moja na bendera yake,
na katikati barabara isiyopitika.

Mtumiaji wa mwisho.
Miaka kumi na mmoja nakipitia kifungu hicho
nikitafuta muhuri na saini.
Leo nimekwama: ni yupi huyo,
anayefyatua,
au anayebaki nayo mbavuni?

Mama haitaji bunduki kwa jina.
Husema "kile chuma," tangu utoto wake Ng'ambo,
nasi hatumuulizi zaidi.

Kikaoni waliletwa kahawa na halwa.
Wakili wa kampuni akasema mpita njia haulizwi mzigo.
Tulicheka kidogo, hata mimi.
Kisu kilinasa kwenye halwa.
Saa nzima tulibishana juu ya "mkubwa":
wawili walitaka "kiasi."

Nimeichapa safi. Sijaipeleka.
Nimeinua simu.
"Sleyum, mizani yenu si ina hitilafu leo?"
Kimya. Nikasikia winchi, kunguru,
mtu akimtukana dereva wa lori kwa Kiurdu.
"Tangu dakika hii," akasema, "imekufa kabisa.
Fundi yuko Maskati, na leo Alhamisi."

Siku tatu, basi.
Nne, fundi akiwa mvivu.