Viti Viwili

Nililiona Nyakato, nyuma ya gereji ya Lugembe,
limelala chini kama paka anayevizia,
kuku wawili juu ya boneti,
na paa lake la turubai limechanika
mpasuko wa kuingiza mkono hadi kiwiko.
"Hilo?" akasema, akijifuta kwa kitambaa
kichafu kuliko mikono.
"La mhandisi wa mgodini, Geita. Aliondoka, likabaki.
Namba A, lakini injini, hebu sikiliza."
Nikasikiliza. Likakohoa mara mbili,
ya tatu likaunguruma kwa aibu,
kama mtoto wa geti kali anayejifunza kutukana.

Mimi ni mwalimu wa hesabu.
Nilijumlisha: milioni tano na laki nane,
bima, tairi nne, kadi kubadili jina,
na fundi sofa wa Mabatini kushona paa.
Nikatoa pesa za kikoba, nikatoa za bati
(nyumba ya Buswelu ina subira kunizidi).
Jibu likaja na baki.
Baki ilikuwa mimi,
kichwa wazi, Barabara ya Makongoro,
saa kumi na mbili asubuhi.

Wifi yangu Bahebe alilizunguka mara tatu
akitafuta mlango wa nyuma.
"Viti viwili! Siku ya msiba utabeba nani?
Gunia la mpunga litakaa wapi?
Wenzio wananunua Noah, wewe umenunua beseni."
Nikamwambia beseni nalo hubeba maji.
Hakucheka.
Majirani walicheka kwa niaba yake.

Ni kweli, lina maudhi.
Kila tuta la Buzuruga hulikwangua tumbo
nami hukunja uso kana kwamba tumbo ni langu.
Makorongo wa soko la samaki Kirumba
wameshakipiga muhuri kiti cha abiria.
Na asubuhi ile wadudu wa ziwani walipoinuka,
wingu kama moshi wa meli isiyokuwepo,
sikuwahi kuvuta paa.
Niliingia Kidato cha Pili B nywele zimejaa, nyusi zimejaa,
nikafundisha milinganyo
huku nikitoa mabawa kwenye meno.
Trafiki wa Igoma aliwahi kunisimamisha:
"Mwalimu, hili lina leseni au ni la kuchezea?"
"Vyote viwili, afande."
Akaomba lifti hadi Nata,
kofia ameibana katikati ya magoti.

Lakini nilitaka kusimulia habari za mama.

Mama hajawahi kuja mjini bila mfuko mkononi.
Kutoka Magu, miaka arobaini,
basi, pikapu, teksi, lori la pamba,
hata Land Rover ya paroko,
vyote alivitapikia bila ubaguzi.
Jumamosi nilimfuata.
Aliliangalia gari, akaniangalia mimi.
"Nani amelivua?"
Nikamfunga mkanda. Yeye akafunga kilemba, mafundo mawili.

Nyanguge akaanza: pesa za bati,
wifi yako amenipigia,
mwanamke wa miaka arobaini na tisa,
jua lote hili, vumbi lote hili,
na wale vijana wa bodaboda wanatuchungulia hadi chini ya miguu.
Kisesa alikuwa bado ananisema.
Igoma, bado.
Nilimtazama kwa pembe ya jicho: midomo mikavu,
uso hauna ule ujivu wake wa safari,
upepo unampiga shavuni naye anaupigia kelele
ili nisikose hata neno moja.

Mfuko ulikuwa mapajani, mtupu,
ukitetemeka kama kuku aliyefungwa miguu.
Mabatini ukamponyoka,
ukapanda juu ya vichwa vyetu,
juu ya nyumba zilizodandia mawe,
ukaelekea ziwani.

Hakugeuka kuutazama.
Alikuwa amefika kwenye bei ya saruji.
Nikakata kushoto, njia ndefu.