Birika la Tatu

La kwanza lilizimika Rajabu.
La pili halikuiona Mfunguo Mosi.
Hili la tatu nimelitia kwapani,
waya unaburura vumbi la Bondeni,
hadi kibandani kwa Fundi Mwinyikombo.

"Umelinunua wapi, yakhe?"
Mwembe Tayari. Na risiti ninayo,
nikamkunjulia: karatasi nyeupe pe.
Dhamana mwaka mmoja,
wino wa risiti miezi mitatu.

Akaligeuza, akalitazama kitako.
Skrubu tatu, vichwa vya pembe tatu,
na bisibisi zake kumi na nne
hakuna hata moja inayozijua.
"Hizi si skrubu, hizi ni kufuli.
Aliyezitia hakutaka mtu aingie."

Akakitia kisu motoni, akapasua gundi.

Ndani, maji yetu ya kisima yalikuwa yamejenga:
ukoko mweupe, tabaka juu ya tabaka,
chumvi ya kisiwa kizima imehamia humo
na kodi hailipi.
"Huu ndimu ingeutoa," akasema. "Haukuua huu."
Akanionyesha kwa ncha ya koleo
kijiguu cha plastiki, kama ukucha wa mtoto,
kimekatika.
"Chuma kizima. Waya mzima. Tumbo zima.
Linatupwa kwa kijiguu,
na kijiguu hakiuzwi."

Nyanya alikuwa na birika la bati.
Kitako alikibadilisha mtu wa lehemu,
mkono aliuchonga mjomba Bwanaheri,
kifuniko kilitoka kwenye sufuria ya maziwa.
Mwisho hakikubaki cha asili ila mdomo,
na nyanya mwenyewe hivyo hivyo.
Sisemi ya kale yote dhahabu:
lilimchoma Maimuna paja,
na moshi wa kuni tulilia nao kila asubuhi.
Lakini lilipougua, lilifunguka.

Fundi akatafuta koponi, akatoa mswaki mkuukuu,
akakata mpini, akachonga,
akayeyusha, akapuliza, akabandika.
Mguu wa kijani.
Skrubu zile akazitupa mtaroni,
akalifunga birika kwa mpira wa tairi.
"Mia na hamsini. Kuwaka, litawaka.
Kuzima, utalizima wewe.
Usiliache peke yake."

Basi kila alfajiri nasimama nalo jikoni.
Linaanza kwa kunong'ona,
halafu linatetemeka, mfuniko unagonga,
nami kidole tayari juu ya swichi.
Swabra ananiuliza toka kitandani:
"Umeliposa, au?"

La kwanza limeoteshwa mrehani barazani.
La pili lina misumari.
Hili, Maulidi yamepita, wageni wamekunywa wamekwenda,
na mguu wake wa mswaki
umeshachemsha maji mengi
kuliko ule liliozaliwa nao.