Miaka Isizidi

Waliniletea bati walilolikata kwenye paa la banda la mbuzi,
matundu ya misumari bado yapo,
wakaniambia: Jefwa, huku Muyeye wewe ndiye mwenye mwandiko,
tuandikie.
Nikaandika kwa buluu, rangi iliyobaki ya duka la dawa:
UWANJA HUU NI WA WATOTO. MIAKA ISIZIDI
na hapo mkono ukasimama,
maana hakuna aliyekuja na nambari.

Baada ya alasiri wakaja wote.
Bi Kadzo alifika na kiti chake, kile cha plastiki kilichokatika mkono,
akaanza kabla hajakaa:
kumi! Kumi, na asizidi hata mwezi.
Mjukuu wangu, jino lake la mbele liko wapi?
Liko mchangani, chini ya bembea, litafuteni.
Alisukumwa na dume zima lenye ndevu za kwanza.

Shekuwe akasema: wangu ana miaka tisa
na utosi wake unagusa kizingiti.
Mtamdai cheti cha kuzaliwa kabla hajapanda mtelezo?
Mwingine: basi tupige mstari kwenye nguzo,
atakayeupita kwa kimo, arudi kwao.
Watu wakacheka, kisha wakaanza kupimana kweli,
na Mama Zuhura, mzazi wa sita,
akapita chini ya mstari bila kuinama.

Sidi hakucheka.
Binti yake ana miaka kumi na minne,
huja na mdogo wake mgongoni, leso imekazwa mara mbili.
Mkimzuia langoni, akauliza,
nani atamdaka yule mdogo akiteleza?
Mimi saa hizo niko hotelini, nakunja mashuka ya watu.
Kikapita kimya
kirefu kama foleni ya mitungi siku ya mfereji.

Vijana wenyewe walikuwa ng'ambo ya ukuta,
viwiko juu ya matofali, wakisikiliza wanavyogawanywa.
Mumba wa Yeri akapaza sauti:
mchanga huu tuliubeba sisi, kwa karai, tangu kule mtoni.
Siku ile mlituuliza miaka?
Hakuna aliyemjibu.
Bi Kadzo alijikuna goti.

Mimi macho yangu yalikuwa juu, kwenye kulabu.
Chumvi ya pwani haichagui umri.
Imekitafuna kile chuma mpaka kimebaki
chembamba kama sindano ya kushonea magunia.
Nikasema: jamani, kulabu.
Wakasema: kulabu baadaye, tumalize miaka.

Magharibi ikawatawanya, wakaniachia majibu matatu:
kumi, kumi na mbili,
na lile la wengi, "wewe amua tu, Jefwa."

Kulipopambazuka nikarudi na brashi na mkebe.
Nilikuwa nimeamua kumi na mbili,
nambari isiyompendeza yeyote.
Umande ulikuwa bado juu ya mtelezo.
Nikasikia ngwii, ngwii,
kile kilio cha mnyororo ambacho watoto hawakisikii.
Bi Kadzo, peke yake,
miguu kaikunja isiburure mchangani,
kandambili moja imemtoka,
leso inapepea nyuma yake kama ya msichana aliyetumwa dukani
na hana haraka ya kufika.

Sikujua macho niyaweke wapi.
Najaribu mnyororo, akasema.
Lazima pawe na mtu wa kuujaribu mnyororo.
Akajirusha tena mbele, kwa kiuno,
kulabu ikalia juu ya kichwa chake,
nami nikajikuta nahesabu kila kilio, pumzi nimeibana.
Andika kumi, akasema akiwa huko juu,
usinibadilishie maneno.

Nikafungua mkebe.
Nikachovya brashi.

Ngoja, Jefwa, akasema.
Ngoja kwanza nishuke.