Bushi za Mninga

Fremu niliitoa darini kwa mama mdogo Nyamizi, Isevya,
imeviringishwa gunia la tumbaku,
na buibui wamekwisha kusuka spoku zao
pale magurudumu yalipokuwa.
"Chukua," akasema. "Ila ukiiuza, nitajua."

Fremu ya zamani: bomba la juu refu, limenyooka,
viungo vimechongwa ncha kama kucha za mwewe,
na mbele kishikio cha taa ambayo sijawahi kuiona.
Baba mdogo Kapaya aliiendesha shamba kwa shamba
akipima tumbaku ya watu,
na kila jioni alishuka kashika kiuno
akiitukana barabara kwa Kinyamwezi,
taratibu,
korongo moja baada ya jingine.

Mimi sikuwa na ugomvi na barabara.
Nilitaka tu kuipa baiskeli magoti.

Springi mbili nilizipata gereji ya Cheyo,
za vali, za lori lililofia njia ya Sikonge.
Uma wa mbele nilipoukata, uliniuma.
Mikono ya kuunganishia niliikunja kwa nondo
za jirani aliyeanza msingi mwaka juzi
na mpaka leo anafuga bata humo.

Bushi ndizo zilizonitoa jasho.
Za plastiki zilisagika kwa wiki moja.
Za shaba, fundi alitaja bei ya mbuzi mwenye mimba.
Ndipo Igunda, mtengeneza vitanda na majeneza,
akanirushia kipande cha mninga,
kiini kitupu, chekundu kama ulimi:
"Hiki mchwa wanakiamkia na kupita. Kikaange kwenye nta."
Nikakikaanga kwenye sufuria ya ugali.
Nyumba nzima ikanukia mzinga,
nyuki wawili wakaja dirishani kuuliza.

Kipimo changu kilikuwa trei ya mayai.
Mke wangu Kalunde ana kuku.
Ana daftari pia.
Safari ya kwanza, hadi Kiloleni na kurudi:
kumi na saba yamepasuka.
Springi zilikuwa na hasira,
zilirusha kuliko shimo lenyewe.
Kalunde akaandika 17. Tukala mayai siku tatu.
Safari ya pili nilipunguza wosha:
tisa. Akaandika, akapiga mstari, mstari mzito.
Ya tatu uma ulizama mpaka chini, ukabaki huko
kama mtu aliyesujudu akapitiwa na usingizi.
Nikaikata kandambili yangu ya kushoto,
nikapachika kisigino chake katikati ya springi na chuma.
Siku hizo nilitembea karakanani nikichechemea,
watoto wakidhani ni mguu.

Nimejifunza hili na sidai malipo:
kuinama kila springi inaweza.
Kazi ni kurudi,
na kurudi bila kisasi.

Safari ya sita yalipasuka mawili.
Kalunde akasema hata mgongoni mwake huwa mawili.
Akafunga daftari. Deni hakufuta.

Jumamosi nikampitia mama mdogo.
Nilikuwa nimeipaka rangi nyeusi, mstari wa dhahabu
niliouchora kwa unyoya wa kuku,
umepinda kidogo karibu na siti, sitaurudia.
Akapanda keria kiupande, kanga kaikunja magotini,
tukashuka njia ile ya ghala la tumbaku.
Uma ukawa unapumua. Mninga ukalia kidogo,
sauti ya mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha wengine.
Makorongo yakapita chini yetu
kama habari za mji mwingine.
Hakusema kitu.
Mpaka ghalani, kimya.
Nikafunga breki, nikangoja nisifiwe.

"Kapaya angetukana nini sasa," akasema,
wala hakuwa ananiuliza mimi.
Kisha akanigonga bega kwa kidole:
"Geuza. Turudi njia hii hii.
Lile korongo la mwisho, pale penye daraja,
usilibembeleze. Lipige."