Kistari

Kompyuta ililetwa na bodaboda kutoka Chipanga,
imeviringishwa kwenye kanga ya Perusi, muuguzi wa zahanati,
vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye herufi,
na ujumbe nyuma ya kadi ya kliniki:
"Inazima katikati ya mtoto.
Nikifika kwenye uzito, giza."

Niliiwasha mezani kwangu, Nkuhungu.
Ikatangaza betri ina asilimia sifuri,
ikaaga kwa adabu, ikalala.
Nikachukua mita. Volti kumi na moja na ushee.
Sifuri gani hii yenye volti kumi na moja?

Usiku nikafungua kiini cha mfumo,
nikamfuata mwulizaji mstari kwa mstari
hadi mlangoni mwa betri.
Anabisha: Umebakiwa na kiasi gani?
Betri inajibu.
Anabisha tena: Na ukijaa, unabeba kiasi gani?
Kimya.
Betri yenyewe ya mtumba, si ya mashine hii,
chipu yake haikufundishwa swali la pili.
Na aliyeandika programu kabla yangu
aliogopa kugawa kwa sifuri
(mwalimu Lechipya alituchapa kwa kosa hilo, darasa la tano),
kwa hiyo akakimbilia kujibu sifuri.
Hakurudi kusema: hodi sijaitikiwa.

Hapo nikamkumbuka mama.

Miaka kumi na tisa alipima mvua Hombolo,
kila siku saa tatu asubuhi:
kopo la shaba, chupa yenye mistari, daftari la serikali.
Haikunyesha, anaandika 0.
Manyunyu yasiyopimika, nukta.
Hakwenda kupima, kistari.
Mabwana shamba vijana walichanganya 0 na kistari,
naye aliwafokea kama waliomwaga maji ya kunywa.
Kwetu Ugogo, sifuri zikifuatana kwenye daftari
kuna mtu anauza ng'ombe.

Kwenye Januari ya mwaka niliozaliwa
kuna kistari kimoja, tarehe kumi na nne.
Asubuhi hiyo alikuwa ananizaa,
na mkunga Mbeleje aliingia amelowa chapachapa,
akakamua khanga mlangoni kabla ya kunishika.
Makao makuu, karani akanakili kistari kuwa sifuri.
Ukisoma jedwali lao, nilizaliwa siku kavu.

Basi nikafuta ile sifuri.
Mara ya kwanza nikakosea upande wa pili:
mashine haikujua, kwa hiyo haikujali,
ikaendelea kuchapa kazi hadi ikakatika kama uzi,
na orodha nzima ya chanjo niliyoijaribia ikaenda nayo.
Nilikaa nikiitazama skrini nyeusi. Nje mbwa wanabweka.
Nikaanza tena.

Mistari kumi na miwili tu, mwishowe.
Kama ujazo haujulikani, usigawe.
Tazama volti; haisemi mengi
ila ikianza kuporomoka inaporomoka kweli,
hapo hifadhi kila kitu, ndipo ulale.
Na volti nayo ikinyamaza, usitunge jibu.
Andika haijulikani, hifadhi kila dakika,
na umwache Perusi aendelee na kazi.

Jumatatu bodaboda akairudisha, kwenye kanga ileile.
Alhamisi, simu:

"Fundi, pale pa asilimia pana kistari.
Ni kibovu?"

Nikamwambia si kibovu. Betri hiyo haijui ujazo wake,
na sasa haisingiziwi tena.
Ukiona taa ya njano, chomeka kwenye sola.

Akanyamaza kidogo. Nikasikia ndoo ikiburutwa,
na nyuma ya ndoo, kilio kipya, chembamba, chenye hasira.

"Huyu wa leo kilo tatu na gramu mia mbili," akasema.
"Imekubali mpaka mwisho.
Jina bado hawajampa.
Nimeweka kistari."