Mzunguko Uliobaki

Uwanja wa shule, Kimilili, saa mbili na nusu;
umande bado umeng'ang'ania nyasi,
vijana mia tatu wamevua viatu,
namba zimeandikwa mikononi kwa wino mweusi.

Tunawapima kama mahindi ya bodi:
urefu, kifua, unyayo usiwe bapa,
fungua kinywa, cheka, tuhesabu meno.
Koplo Simiyu anaita, karani anaandika.
Mimi nimeketi chini ya turubai, chai inapoa,
miaka ishirini na sita ya gwaride magotini,
na simu mfukoni inatetemeka:
mheshimiwa fulani ana mpwa,
mpwa ana jina, jina lina uzito.

Miguu nimeiona. Miguu ni mingi nchi hii.
Nimewahi kuajiri miguu iliyokimbia vizuri
hadi kwenye kizuizi cha barabarani, usiku,
ikajifunza kusimama palipo na noti ya mia mbili.

Mizunguko kumi. Filimbi ikalia.
Mia mbili na kumi na mbili akawa wa nne:
Nangila Wafubwa, wa kutoka Chesamisi,
kifua kikipanda na kushuka kama mvukuto.
Akaja mezani, jasho likidondokea daftari langu.
"Afande, mmenihesabia kumi. Nimekimbia tisa."

Karani akacheka. Mwenzake akamvuta shati:
kaa, mjinga wewe.
Hakukaa.
Akarudi peke yake kwenye ule mviringo wa tope,
wakati sisi tunagawiwa mandazi,
akakimbia mzunguko ambao hakuna aliyeutazama
ila mimi, na ng'ombe mmoja wa mwalimu.
Akamaliza wa thelathini na kitu.

Kisha kipimo: sentimita mbili hazikutimia.
Koplo aliushusha ubao kichwani pake mara mbili,
mara ya pili taratibu,
kana kwamba huruma hurefusha mtu.

Sasa ni usiku, mvua inapiga mabati ya kituo.
Orodha iko mbele yangu, nafasi moja ni tupu.
Simu inatetemeka tena juu ya meza,
inajisogeza yenyewe kuelekea ukingoni.
Kalamu ninayo. Sentimita mbili ni kitu gani?
Lakini nikimwongezea, nitakuwa nimesema uongo
kwa ajili ya msichana aliyekataa kuupokea.

Naiacha simu ianguke.
Naandika: nafasi moja, haikujazwa.
Na pembeni, kwa penseli, ndogo,
namba yake.