Hakucheka

Saa nne usiku, Llanelli. Theluji nyepesi viooni.
Navua koti, navua pete, navua saa,
nanawa mpaka viwikoni
kama mtu anayekwenda kukanda unga.
Kati ya vidole. Chini ya kucha. Tena.

Chumba cha kwanza ni cha Gethin.
Miaka thelathini na minane; hasemi, hageuki asipogeuzwa.
Chakula humwingia kwa mrija wa tumboni,
lakini mate yake hayana mrija,
hupotea njia, yakashukia mapafuni.

Daktari huuliza, "Anaumwa wapi?"
Gethin hana wapi.
Ana mashine ya kufulia:
ikianza kuzunguka, hucheka
mpaka kiti chake cha magurudumu kinatikisika.

Jumatatu ilizunguka, hakucheka.
Nikaandika daftarini: Hakucheka.
Meneja akasoma, akafunika kalamu yake.
"Nerys, hiyo si dalili."
Kipimajoto nacho kilimuunga mkono:
thelathini na sita na nusu.

Jumatano alfajiri midomo yake ilikuwa rangi ya zambarau.

Wakaanza kutafuta aliyeileta.
Wakamtazama Eirlys,
anayelisha watu katika nyumba tatu kwa siku moja,
alipwaye kwa saa, asilipwe akilala kitandani.
Alikuja na kikohozi amekikunja ndani ya barakoa
kama mtoto anayeficha daftari lenye sifuri.
Mimi simlaumu.
Nimeiona mita yake ya umeme inavyomeza sarafu.
Maradhi hayana miguu;
huazima ya wenye haraka,
na wenye haraka hawakuiomba haraka hiyo.

Gethin alirudi baada ya siku kumi na tisa,
mbavu zikihesabika.
Merfyn wa chumba cha tatu hakurudi.
Godoro lake tumelifuta kwa dawa mara mbili,
bado linanukia machungwa.
Kwenye fomu, pale penye "sababu",
pana nafasi ya mstari mmoja tu.

Sasa ukutani kuna bango jipya la kunawa mikono,
lina picha, lina rangi.
Eirlys bado ana nyumba tatu.

Saa tisa usiku. Sina nguo za kufua.
Nimewasha mashine tupu, bila hata soksi,
nikaacha milango yote wazi.
Nimesimama kizingitini kwa Gethin,
mikono inanuka spiriti,
nasikiliza.